Jina Lako Kwenye Kabati la Mboga

Umoja, Nairobi
Jumatano

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Habari za huko nyumbani? Lile goti la kushoto limetulia, au bado linakutangazia mvua kabla ya redio? Kuku wako hawajambo, pamoja na yule jogoo mwenye kiburi anayefukuza wageni? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Tiffany anarefuka mpaka sare ya shule inamkimbia. Mkwe wako Gitonga bado ana karakana yake, anachomelea mageti ya watu huku geti letu wenyewe likining'inia. Mimi ni yule yule, kazi ile ile ya ukarani, na mdomo ule ule unaoujua.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani ilhali simu ipo. Mama, simu yako imekuwa ya Baba mdogo Phares. Tangu masikio yako yaanze kuikataa, nikipiga anapokea yeye, nikisema neno anakupigia nalo kelele, na kufikia jioni soko lote la Ugunja linajua tulichokula Umoja. Ninayotaka kukuambia leo si ya soko. Nimeandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza ili miwani isikusumbue. Uniwie radhi ikiwa maneno yatapishana, kwa maana kichwa changu kimevurugika, na ninakusimulia tangu mwanzo ili na mimi nipate kuelewa.

Nianze na habari za mji, kwa sababu mji ulinichanganya hata kabla ya mambo mengine kuja kunimaliza. Huku chakula kimeacha kuuzwa na watu. Duka la Warigia, yule jirani uliyempenda kwa sababu anacheka kwa sauti unayoisikia, sasa lina mashine mbili ukutani, moja ya maziwa na nyingine ya mafuta ya kupikia. Zamani Warigia mwenyewe alikuwa anakubonyezea. Siku hizi amewaachia wateja, yeye anakaa pembeni akisukwa nywele. Siku ya kwanza nilibonyeza kabla ya kuweka chombo. Maziwa yakaniogesha viatu, na watu kwenye foleni wakanishauri niongeze majani ya chai. Siku ya pili niliweka chombo vizuri, kikajaa, kisha nikabaki nimekikinga palepale. Warigia akaniuliza nangoja nini. Nilikuwa nangoja nyongeza, Mama. Nimezoea kwamba mtu akishapima huongeza kidogo, ya mtoto, ya kuonyesha kwamba amekuona. Mashine inapima, inakata, inanyamaza. Gitonga anaisifu kwamba haina mapendeleo. Mimi nachukua maziwa yangu na kuondoka nikiwa sina hakika kama nimenunua au nimeiba.

Nilikuwa bado nagombana na maziwa wakati Baba mdogo aliponipigia simu. Aliniambia kwamba wazee wamekaa na wameamua. Kwa kuwa Willis hajaonekana tangu siku ile tulipokuwa tunampeleka Baba nyumbani kumzika, na kwa kuwa mtu hawezi kushuka Nakuru kununua maji akakaa miaka yote hii bila salamu, basi Willis ameshakufa, na boma haliwezi kutulia akiwa hana kaburi. Jumamosi hii watachukua tunda la yago, lile refu la mvungunya, walifunge shuka kama mwili, walizike upande wa nyumba yake. Mimi nikiwa Nairobi nitafute shuka nyeupe, nzuri, isiyo na maua. Nilimuuliza wewe umesemaje. Akaniambia hukusema kitu, ulikaa tu ukiangalia mikono yako, na mama akinyamaza amekubali.

Sikubishana naye. Nilienda bafuni, nikafungua maji ili Tiffany asinisikie, nikamlilia kaka yangu kama mtu aliyekufa siku hiyo. Miaka yote nilikuwa nimemweka mahali fulani katikati, si hai, si mfu, na sasa nilikuwa natumwa nguo yake.

Shuka niliinunua Eastleigh. Nilipokuwa natoka nayo chini ya kwapa nilikuta umati umezunguka kabati la kioo mlangoni mwa duka kubwa, nikajua kuna mwizi au kuna mahubiri. Kumbe ni mayai. Mayai, Mama, yamepangwa kwenye rafu za kioo kama dawa, na ukishalipa mkono wa chuma unashuka polepole, unabeba trei, unaileta dirishani bila kuvunja hata moja. Mwenye duka aliniona nimeshangaa, akanihimiza nijaribu. Nilijaribu. Trei ilipofika nikainama kidogo, nikasema asante. Watu walicheka sana. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na trei ya mayai mkono mmoja na sanda ya Willis mkono wa pili, na sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa kichekesho.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Jumamosi iliyopita nilienda Njiru kumwona Halimo, tunayefanya naye kazi, ambaye amejifungua. Huwezi kwenda kwa mzazi mikono mitupu, na nilikuwa nimefikiria kumpelekea mboga za kienyeji zinazoleta maziwa. Nikaelekezwa mahali kwenye barabara ya vumbi, karibu na posho mill ya kusaga mahindi. Nilikuta kabati la mbao lisilo na milango, limeezekwa bati, na ndani yake kuna mboga zote za nyumbani: apoth, dek, osuga, na mitoo mibichi yenye umande. Mafungu yamefungwa kwa ganda la mgomba badala ya uzi. Juu kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi: chukua, tuma pesa kwa nambari hii, na fungu moja dogo la rafu ya chini ni nyongeza yako. Mama, nilisoma hapo mwisho mara mbili. Ni nani katika Nairobi hii, ambaye hata hayupo, anakumbuka kuwawekea watu nyongeza?

Nilipiga hodi. Ndiyo, nilipiga hodi kwenye kabati. Mwendesha bodaboda aliyekuwa kivulini akanihurumia, akaniambia, “Mathe, hapa hakuna mwenyewe. Unachukua, unatuma, unasepa.” Nikamuuliza kama watu hawaibi. Akasema wachache waliojaribu walisemwa na akina mama wa mtaa mpaka wakahama. Basi nikachukua mitoo na dek, nikachukua na nyongeza yangu, nikatoa simu.

Unajua kabla pesa haijatoka simu hukuonyesha jina la unayemtumia, ili uhakikishe. Jina lililotokea lilikuwa RISPA AWITI ODERA.

Nilicheka. Nilidhani nimebonyeza jina lako kwa mazoea. Nikafuta, nikaandika upya nambari ya kibao, tarakimu moja baada ya nyingine, bodaboda akinisomea. Likatokea jina lako tena, majina yote matatu kwa mpangilio wake. Nikageuka kuangalia mboga, nikaangalia barabara, nikawaza upumbavu mtupu: kwamba Mama amefungua biashara Njiru na hajatuambia. Halafu nikawaza vibaya zaidi, kwamba umekufa na hawajanipigia. Nilituma pesa, nikajipata nasema kwa sauti, “Mama, umepata?”

Kwa Halimo sikuona hata mtoto anafanana na nani. Halimo alinituliza, akasema duniani majina yanafanana. Nikamwambia Rispa wako wengi, Awiti ni wengi, Odera wamejaa Siaya nzima, lakini watatu hao wakisimama pamoja kwenye mstari mmoja ni mama yangu. Nilipofika nyumbani Gitonga akawa na jibu lake tayari, maana yeye kila kitu ni wezi. Alisema kuna watu wametumia kitambulisho chako kusajili laini, na kwamba leo ni mboga, kesho watauza shamba. Ndipo nikampigia Baba mdogo, kwa kumzungusha, nikamwomba aangalie kama kitambulisho chako kipo. Akanijibu kwamba kipo ndani ya Biblia, akaniuliza kama serikali imeanza kudai kitambulisho cha mama kabla ya kuzika yago.

Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, niliipigia nambari ile. Iliita. Mtu akapokea. Nilisikia pumzi na kuku kwa mbali. Nikasema, hallo, mimi naitwa Jacklyne, ni mtoto wa mwenye jina hili. Pumzi ikakatika, na simu ikazimwa. Nilipopiga tena nikaambiwa mteja hapatikani. Mwizi angenitukana, au angeniuliza shida yangu ni nini. Huyu aliogopa jina langu. Usiku huo Gitonga alinieleza mambo ya wezi mpaka akalala, na mimi sikusikia hata neno moja.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukaenda Njiru asubuhi mimi na Gitonga, tukajibanza kwenye posho mill kama polisi. Akaja mtu na mkokoteni, kofia imemfunika uso, amekonda. Alianza kupanga mafungu. Alipoinama kuweka lile dogo la chini, kola ikashuka, nikaona shingo. Ilikuwa shingo ya Baba, na ile mikunjo yake miwili ya nyuma.

Nilikuwa nimepanga maneno makali, Mama, tangu Nakuru nimekuwa nikiyapanga. Nilipomfikia yote yalinipotea, nikamwuliza eti mitoo ni bei gani. Hakuinua uso. Alinionyesha kibao kwa kidole. Nikamwambia siwezi kusoma. Sauti ndiyo iliyomgeuza. Tuliangaliana, na mimi nikampiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, nikimwita mbwa, nikimwita kaka yangu, na yeye alisimama tu na fungu la dek mkononi mpaka Gitonga akaja kunishika. Willis yuko hai. Nimemshika. Ana joto, ana jasho, ana harufu ya samadi.

Alitukalisha juu ya magunia nyuma ya kabati, akatueleza. Alisema alikuwa ameapa hataonja pombe mpaka Baba azikwe, na alistahimili mpaka Nakuru. Aliposhuka kununua maji, miguu ikampeleka kwingine. Aliporudi alisikia tukimwita. Wewe ndiye uliyekuwa unaita kuliko wote, anasema, ulizunguka kituo cha mafuta ukiita “Willis, Willis,” na yeye alikuwa nyuma ya ukuta wa choo, ananuka, akishindwa kutoka mbele ya jeneza la babake akiwa vile. Akasema moyoni ngoja gari liondoke kwanza. Likaondoka. Kitambulisho na kila kitu chake kilikuwa ndani ya gari. Baada ya hapo kila siku ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Alilala mahali ambapo sitakuandikia. Aliyemwokoa ni mzee mmoja wa kanisa aliyempa kipande cha shamba karibu na mto alime, na pombe aliiacha hapo, kwa jembe. Mboga alizijua kutoka kwako. Ila kuziuza hakuweza, kwa kuwa Njiru imejaa watu wa kwetu, na kila anayenunua mitoo lazima amwulize muuzaji anatoka wapi na ni mtoto wa nani. Kwa hiyo akajenga kabati. Watu wanachukua, wanatuma, na hakuna anayemwona uso.

Mimi nikamwuliza swali lililobaki, lile la jina. Nilidhani ataniambia ni laini ya zamani uliyomsajilia alipokuwa shule. Aliangalia chini, akaniomba nisikukasirikie.

Mama, ulimwona Pasaka.

Ulikuwa umekuja kwangu kwa ajili ya kliniki ya masikio. Yeye alisikia kwa watu wa kwetu Njiru kwamba uko Nairobi, akajua utaenda kanisa letu la Umoja, akasimama ng'ambo ya barabara akuone tu halafu aondoke, na wewe ambaye husikii honi ya lori ulimwona katikati ya watu wote wale. Kesho yake uliniambia unaenda kwa Warigia kuiona mashine ya maziwa. Ukarudi na mtungi mtupu, ukasema mashine imeharibika. Nilishangaa, maana Warigia anaapa haijawahi kuharibika hata siku moja. Kumbe ulikuwa kwenye duka la simu, unatoa kitambulisho chako ili mtoto asiye na kitambulisho apate laini. Naye akakuapisha usimwambie mtu, hata mimi, mpaka atakapokuwa na nguvu ya kuja mwenyewe. Ukaapa. Na tangu siku hiyo kila mwenye kula mboga Njiru amekuwa akilitazama jina lako kabla hajala.

Sasa nisaidie, kwa sababu hapa ndipo akili yangu inaposimama. Jioni ile ulikula ugali mezani kwangu ukicheka peke yako, nikafikiri ni uzee. Miezi yote hii nimekuwa nikikutumia maneno ya kukufariji, na Baba mdogo akikupigia kelele nayo. Halafu wazee wamekaa mbele yako wakapanga siku ya kumzika mtu ambaye wewe unajua yuko Njiru anamwagilia mboga, na ukaangalia mikono yako. Ulikuwa unafikiria nini? Kwamba kiapo ni kiapo? Kwamba akizikwa ataacha kutafutwa na atapumua? Au hukusikia, Mama? Nimejaribu kujiambia kwamba hukusikia. Lakini nakujua, wewe huwa unasikia unachotaka.

Nimekukasirikia sana, siwezi kukuficha. Kisha nakumbuka umelibeba hilo peke yako kuanzia Pasaka, bila kuwa na mtu wa kumnong'onezea, wewe ambaye siku hizi huwezi hata kunong'ona, na hasira inageuka kitu kingine ambacho sina jina lake. Nikikuona sijui kama nitakukumbatia au nitakugombeza. Pengine nitafanya yote mawili.

Willis hakuwa na habari za yago. Nilipomwambia, alikaa juu ya mafungu yake mwenyewe akayaponda. Halafu akaniuliza kama shuka tayari nimenunua. Nikamwambia nimenunua, ya pamba, isiyo na maua. Akacheka, Mama, kile kicheko chake cha kupandisha mabega, na mimi nikacheka huku nalia, na Gitonga asiyeelewa kitu akacheka kwa heshima. Shuka nimeitandika kitandani kwa Tiffany. Imemtosha vizuri.

Na sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Barua hii sikuitia posta. Umeipokea kutoka kwa Gitonga, ambaye hapo alipo ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mkwe mwenye adabu, na nimemkataza kusema lolote. Najua umemwuliza amekuja na nani, naye ametabasamu tu. Usimlaumu, Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu.

Hakuja peke yake. Willis yuko nje ya lango, upande wa barabara, amesimama. Tulibishana naye kuhusu jambo hili. Anasema mtu aliyetengewa kaburi haingii bomani kwa miguu yake kama mgeni wa mazishi. Sijui kama hiyo ni mila au ni woga wake umevaa kanzu ya mila. Ila alisema na lingine ambalo sikuweza kulijibu. Alisema siku ile Nakuru ulimwita mbele ya watu wote na hakuitika, na sauti hiyo haijamtoka masikioni. Anataka umwite tena, mbele ya watu wale wale, ili aitike. Amekufungulia kiapo chako. Baba mdogo yupo uani, najua, pamoja na wazee na hiyo mipango yao. Waache wasikie. Usimtume mtu, na usimpungie mkono kutoka dirishani. Toka hadi katikati ya uwanja, Mama, uite jina lake kwa sauti yote uliyo nayo. Na kwa vile hutamsikia akiitika, mwangalie mdomo.

Mimi nitafika Ijumaa, kazi haikuniachilia mapema zaidi. Baba mdogo Phares umpe heshima zangu, na umwambie nitamweleza mwenyewe habari ya shuka. Tiffany anakusalimu, anauliza kama jogoo bado yupo. Warigia anakusalimu kwa kicheko chake. Gitonga ameshakusalimu hapo ulipo. Za Willis sikuziandika. Mwite azilete.

Ni mimi binti yako,
Jacklyne